Gunzi Chini ya Kidevu

Mwalimu aliyetufundisha samasoti, yaani kubingirika, hakuwahi kupiga samasoti hata moja mbele yetu. Nalisema hili mapema ili nisije nikalisahau nikiendelea na mengine. Alitufundisha kwa chaki. Alisimama mbele ya ubao katika kituo cha mafunzo huko Bungoma, shati jeupe limechomekwa vizuri, akachora mtu wa vijiti amechuchumaa. Akachora mshale. Akachora mtu wa vijiti amejikunja kama konokono, mshale mwingine, halafu mtu wa vijiti amesimama mikono juu kama aliyeokoka jana. Sisi watu wazima tukanakili, wengine kwa rula. Akafuta ubao, akasema hiyo ndiyo samasoti ya mbele. Ya nyuma ni hiyo hiyo, mishale tu inageuka.

Hiyo ilikuwa likizo ya Aprili, miaka ile baada ya shule za msingi kufanywa za bure, wakati kila nasari ya chekechea ilitaka walimu wenye vyeti. Wakati wa muhula tulikuwa tukifundisha, likizo ikifika tunakwenda kituoni kufundishwa. Agosti kungekuwa na mtihani wa vitendo katika somo la michezo: kila mwalimu wa nasari abingirike mbele, abingirike nyuma, mkaguzi akiandika. Asiyebingirika hana cheti. Na mimi bila cheti sikuwa na kazi, kwa sababu madam aliyesimamia nasari yetu ya kanisa huko Kitale alikuwa amenieleza waziwazi: ikifika Desemba bila karatasi, darasa la bebi anapewa mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa tayari anakuja kusalimia salimia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata mtoto msichana, nikaolewa Kitale kwa watu wa kabila letu waliohamia huko kulima. Sikuwa na kitu kingine. Lile darasa la bebi, na makamasi yake yote, ndilo jambo la pekee lililofanya watu waniite "mwalimu" badala ya kuniita mama wa fulani.

Kwa hiyo nikanyoosha mkono. Nikauliza kama tungetoka nje kwenye nyasi tujaribu. Mwalimu akaniangalia kuanzia kifuani kwenda chini.

"Madam, wewe si umeshazaa? Hiyo ni kazi ya wasichana. Agosti nyinyi wamama mtajaribu tu, tuone mtafikia wapi."

Darasa likacheka. Wanawake pia walicheka, na hapo ndipo iliponiuma. Mama mmoja kutoka Ndalu aliyekaa kando yangu, mwenye watoto wanne, alicheka mpaka akajifuta macho na leso. Wakati wa chakula aliniambia nisikasirike, kwani yeye mara ya mwisho kuinua miguu juu ilikuwa katika chumba cha kuzalia. Nikacheka kwa hilo. Lakini hasira haikuisha, na mpaka leo sijaimaliza. Ati mtu anakuambia huwezi, kisha hakufundishi, halafu anakupima.

Na kulikuwa na sheria nyingine. Mwanamke hakuruhusiwa kuingia kituoni na suruali. Sketi, na ivuke magoti. Sasa ubingirike na sketi iliyovuka magoti, wanaume wamesimama pembeni, halafu mtu akiona paja akuandikie umekosa adabu. Sijui ni nani alikaa chini akafikiria hayo yote mawili pamoja.

Nikarudi Kitale na daftari langu la watu wa vijiti.

Ya mbele nilifundishwa na watoto wa darasa langu. Kwanza nilijaribu mwenyewe nyuma ya jikoni. Nilikuwa nimejaza magunia mawili maganda makavu ya mahindi, nikayashona midomo, nikayalaza. Ndani ya sketi nilivaa bukta ya mume wangu ya kuchezea mpira, ya rangi ya manjano. Nikachuchumaa kama nilivyochora. Nikaweka utosi chini kama mtu anayesimika nguzo, nikasukuma. Shingo ikasema kitu. Siku tatu nilibeba maji nikiangalia upande mmoja, na wanafunzi wangu walipojificha upande wa pili sikuwaona.

Halafu siku moja wakati wa mapumziko nikawaangalia. Nilikuwa nimewaona wakibingirika kila siku na sikuwahi kuwaangalia. Mtoto haweki utosi. Anaingiza kichwa katikati ya magoti kama anayetafuta kitu kilichoanguka, makalio yanapita juu, na kinachogusa chini kwanza ni kisogo na mabega. Utosi haugusi kabisa. Nikavua viatu nikaingia kwenye mstari nyuma yao. Mtoto wa miaka minne akanisukuma kiunoni akisema, "Mwalimu, jifanye kibofu." Nikajifanya kibofu, mviringo kama puto. Nikaenda. Nikajikuta nimekaa, dunia inazunguka, watoto wanapiga makofi. Kabla ya mwisho wa Mei nilikuwa naweza kubingirika mbele mara tatu mfululizo na kusimama.

Ya nyuma ikanishinda. Nilikaa, nikajirusha nyuma, miguu ikaenda juu, na hapo hapo nikakwama. Kila siku nilikwama pale pale, miguu hewani, shingo imebanwa, kama mende aliyepinduka. Watoto hawakuweza kunisaidia, maana na wao ya nyuma hawaipigi. Daftari lilisema mishale inageuka tu.

Mama mkwe wangu alinikuta siku moja nikiwa hivyo. Lazima nieleze kwamba huyu mama alipenda sana mtoto wangu alipoinama na kuchungulia katikati ya miguu yake. Watoto wa umri ule hufanya hivyo, na wazee husema mtoto anaita mdogo wake. Mama mkwe alikuwa akimpigia makofi: muite, muite huyo ndugu yako. Alitaka mvulana. Nyumba nzima ilitaka mvulana. Lakini aliponiona mimi miguu juu, alishika kichwa.

"Mama mtoto, hiyo kizazi yako ikigeuka, nitamwambia nini kijana wangu?"

Nikamwambia kizazi si sufuria ya maziwa, ati ukiinama inamwagika. Sikupaswa kusema hivyo, najua. Alikaa juma moja bila kula chakula changu. Akaenda kanisani akaeleza wamama wenzake, nao wakaja mmoja mmoja kuniombea. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninajaribu kuharibu mimba. Nilimsindikiza mpaka barabarani bila kumjibu, kwa sababu ningemjibu ningetengwa ushirika.

Mume wangu alikuwa akibeba magunia kwenye stoo za nafaka mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza yote akiwa anaosha miguu, halafu akasema, "Si ungoje kwanza tupate huyu wa pili, kisha ubingirike vile unataka." Nilimwuliza kama madam wa nasari naye atangoja. Akaomba taulo.

Sasa nifike kwa mzee.

Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawali pamoja, na mwanamke hapaswi kuonekana ovyo na yule mzee. Mimi niliishika desturi hiyo vizuri, tena bila kulalamika, kwa sababu na yeye aliishika. Mzee akitaka kupita upande wa jikoni alikuwa anakohoa. Alianzia mbali, karibu na boma la ng'ombe, kikohozi kizito cha makusudi, ili mimi nijipange, nijifunike, niingie ndani. Ndiyo kazi yake ilikuwa hiyo: kukohoa. Yangu ilikuwa kutoka njiani. Tuliishi hivyo miaka miwili bila shida.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa Julai. Tulikuwa tumeng'oa maharagwe na kuyarundika nyuma ya jikoni yakauke tuyapige. Nilikuwa nimelaza magunia yangu karibu na lile rundo, na kama kawaida nilikuwa nimekwama: miguu juu, sketi imeniangukia usoni, bukta ya manjano imetazama mbingu. Nikasikia mbio. Sikusikia kikohozi. Nikaondoa sketi usoni nikaona, kichwa chini miguu juu, gambuti za mzee, zile buti zake za mpira.

Ndama alikuwa amekata kamba. Mzee alikuwa anamfukuza, akakata kona bila kukohoa.

Alisimama. Mimi nilijaribu kushuka nikashindwa. Akainamisha kichwa ili asinione, kidevu kimegusa kifua kabisa, akashika kofia yake kwa mikono yote miwili akaivuta mpaka masikioni, akaanza kurudi kinyumenyume. Kisigino kikakutana na rundo la maharagwe. Akakaa. Na hakukaa tu. Aliendelea. Mgongo ulipinda ukafuata rundo, magoti yakapita juu ya kofia, mikono iko masikioni vile vile, kidevu kifuani vile vile, mzee wa miaka sitini na kitu akazunguka mzima mzima akatua upande wa pili kwa magoti, laini, bila hata kuguna. Akasimama. Maganda ya maharagwe yalikuwa yamemshika ndevuni. Akanigeuzia mgongo. Halafu, akiwa ameshanipa mgongo, akakohoa.

Ningekuwa mtu mwingine ningecheka. Mimi nilibaki pale nikisema kidevu. Kidevu na mikono. Mimi nilikuwa nikijirusha nyuma nikitazama mawingu, shingo imenyooka kama mpini, ndiyo maana nikakwama.

Jioni hiyo wakaniita kwenye kesi. Yaani, hawakuniita, kesi ilifanyika nyumba kubwa na mimi nikawekwa jikoni, kwa kuwa sikuweza kukaa mbele ya mzee. Walikuwa mzee, mama mkwe, mume wangu, na shangazi yake anayekaa ng'ambo ya barabara. Ukuta uliotutenga ulikuwa wa udongo tu, nilisikia kila kitu. Nilisikia kwamba nimemwangusha mzee. Nilisikia nimemvua heshima katika boma lake. Shangazi akasema ndiyo matokeo ya kuoa msichana aliyesoma akaishia katikati, hana elimu yote na hana adabu yote. Waliuliza kiuno cha mzee kiko namna gani. Kiko sawa. Hakuna aliyeuliza shingo yangu.

Nikamwita mume wangu mlangoni. Nikamwambia aende amwulize baba yake swali moja tu: alikohoa?

Alikwenda. Nilisikia mtu anaweka kikombe chini. Mume wangu akarudi.

"Mzee amenyamaza."

"Amenyamaza amesemaje?"

"Amenyamaza tu, bana. Usinitie kwa hii maneno."

Basi alinyamaza. Mtu aliyejua vizuri kabisa kwamba hakukohoa, aliacha nihukumiwe. Wengine husema wazee wetu walishika desturi. Walishika, ndiyo, upande wanaoupenda. Hukumu ilikuwa hii: nisirudi tena kwenye mafunzo ya kubingirika, na niende kwetu Bungoma nilete kuku jike wa kuomba msamaha, mzee aweze kupita tena jikoni.

Nilikubali. Walishangaa nilivyokubali haraka. Nikasema nitakwenda shule zikifungwa, Agosti, kwa kuwa siwezi kuacha darasa. Wakaona ni heshima.

Majuma yaliyobaki nilifanyia mazoezi darasani, watoto wakiisha kwenda nyumbani, mlango nimeufunga kwa benchi. Magunia yangu mama mkwe alikuwa ameshayamwaga, lakini madam aliniachia mikeka ambayo watoto hulalia. Tatizo langu lilikuwa kwamba kidevu kilishuka nikiwa nimekaa, nikianza kwenda nyuma kinainuka chenyewe, kama kina macho yake kinataka kuona kinakokwenda. Nikachukua gunzi. Gunzi kavu la muhindi, lililopukuchuliwa, lile la kuwashia moto. Nikalibana kati ya kidevu na kifua. Likianguka, najua nimeinua kichwa. Mikono nikaweka masikioni, viganja vimeangalia juu, kama mtu anayeshika kofia.

Siku ya kwanza gunzi lilianguka kila mara. Siku ya nne nikabingirika nyuma nikatua kwa magoti, gunzi liko pale pale, linanichoma koo. Nilikaa kwenye mkeka nikalia kidogo. Si kwa furaha. Nililia kwa sababu lilikuwa jambo rahisi hivyo, na mtu aliyepewa kazi ya kunieleza alichora mishale.

Agosti nilifika kwetu Kanduyi, huko huko Bungoma kwenye kituo, na mtoto mgongoni. Nikamweleza mama yangu yote, kuku na mtihani. Yeye hakucheka wala hakunihurumia. Aliendelea kuchagua mboga.

"Kuku nitatoa," akasema. "Lakini ukirudi Kitale na kuku bila karatasi, usije hapa tena kunililia."

Mtihani ulifanyika katika uwanja wa kituo, kwenye nyasi, asubuhi. Mkaguzi alikuwa yule yule mwalimu wa chaki, na daftari kubwa. Vijana wa kiume walienda kwanza. Wawili walianguka kando kama magunia, akawaandikia wamepita, nilikuwa karibu nikaona kalamu. Kisha akatangaza kwamba wamama ambao hawajisikii wakae chini ya ule ukuta, ataandika "amejaribu", hakuna haja ya kujiumiza. Wengi wakaenda ukutani wakishukuru. Mama wa Ndalu akanivuta mkono twende. Nikamwuliza "amejaribu" ni kupita au ni kuanguka. Akasema, si mwalimu amesema hakuna shida.

Nikabaki. Nikafunga leso juu ya sketi, nikaipitisha katikati ya miguu nikaikaza kiunoni. Bukta ilikuwa ndani. Nikapiga ya mbele, nikasimama. Nikatoa gunzi mfukoni, nikalibana kidevuni, nikakaa, nikaenda nyuma. Nikatua. Nikageuka kumwangalia.

Alikuwa ameangalia upande wa barabara.

"Rudia," akasema. "Sikuona."

Nikarudia. Nilipotua alikuwa anaangalia daftari lake. Akasema ni vigumu kwa mwanamume mwenye heshima zake kumwangalia mke wa mtu akiwa hivyo, nirudie haraka aone kidogo. Damu ikanipanda. Nilikuwa nimetoka kwa mzee mmoja aliyeona asichotaka kuona, nikaja kwa mwingine anayelipwa aone na haoni.

Sikupiga kelele. Nilisema taratibu, wote wakasikia. "Mwalimu, kama hutaangalia, basi nionyeshe wewe inavyopigwa, mimi nitaangalia. Halafu uandike vile umeona yako."

Vijana wakaanza, "Kweli, mwalimu, tuonyeshe." Shati lilikuwa jeupe sana siku hiyo. Akaniambia sina haja ya kuwa mkali, nirudie, ataangalia. Nikarudia ya tatu, na safari hii aliniangalia tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa hasira, na akaandika. Nikasimama pale mpaka nikaona neno lenyewe: amepita. Kisha akaniuliza lile gunzi ni la nini. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa sababu mimi ni mwalimu.

Nilirudi Kitale na kuku jike mweupe. Mama mkwe akampokea, akamwangalia chini ya mabawa, akasema ni mzuri. Mzee akaanza tena kupita jikoni, akikohoa kuanzia mbali zaidi kuliko zamani. Sikuwaambia habari ya uwanjani mpaka cheti kilipofika, mwisho wa mwaka. Nilikipeleka kwa madam kwanza, yule msichana wa kusalimia salimia yupo hapo hapo amekaa. Madam akakisoma pande zote mbili, akanirudishia daftari la darasa la bebi. Nyumbani nikakibandika ukutani kwa gundi, mahali ambapo mama mkwe lazima akione akileta maziwa. Kwa miezi mingi aliweka maziwa akiangalia upande mwingine. Ugonjwa wa kuangalia upande mwingine ulikuwa umeenea.

Wale wamama wa ukutani hawakupata vyeti. "Amejaribu" ilikuwa kuanguka. Iliwabidi warudie mwaka mzima, mama wa Ndalu pia, na watoto wake wanne wa kulea. Ni yeye aliyenieleza lililofuata, tulipokutana soko la Kitale mwaka uliofuata, ameshika vitunguu. Alisema yule mwalimu sasa anafundisha samasoti ya nyuma kwa njia mpya. Anachora mtu wa vijiti amekaa, na chini ya kidevu anachora gunzi, na mshale wa kulionyesha. Anawaambia ameigundua yeye mwenyewe baada ya miaka mingi ya kazi.

"Na ulimwambia ni yangu?" nikamwuliza.

"Nilitaka cheti, mwalimu," akasema. "Nikanakili."

Alikipata, na nilifurahi kwa ajili yake. Lakini gunzi ni langu. Na kama kuna mtu mwingine wa kudai sehemu yake, ni mzee mmoja mwenye kofia, ambaye siku hiyo hakukohoa, na mpaka leo hajasema.